Kona ya Wasafiri: Maswali yenu kuhusu Whitby

Toleo lililopita niligusia tu Whitby, ule mji mdogo wa bandari pwani ya Yorkshire, kaskazini mashariki ya England, nikasema mtu wa pwani ya kwetu atauelewa haraka kuliko watalii wengi wanaoshushwa pale asubuhi na kuondolewa jioni. Barua zimekuja nyingi, za walioko huku Ulaya na za walioko nyumbani, nimechukua zile zenye maswali ya wengi nikazifupisha kidogo. Kwa ambao hawakusoma, mji wenyewe una watu kama elfu 13 hivi, mto Esk unaukata katikati, upande wa mashariki ni mji wa zamani wa vichochoro, magharibi ni hoteli na ufukwe, na juu ya jabali la mashariki kuna magofu ya abasia, yaani makao ya zamani ya watawa, ambayo ndo unayaona kwenye kila picha ya Whitby.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni nesi hapa Leeds, mamangu anakuja Julai kutoka Likoni na tangu azaliwe anaishi na bahari. Nikimpeleka Whitby si ataniuliza kwa nini nimemtoa kwenye bahari ya joto nikamleta kwenye bahari ya barafu? Na magoti yanamsumbua, nimesikia kuna ngazi kama mia mbili. — Binti wa Likoni*

Marahaba dada. Kama mpango ni kuogelea usimpeleke, nakwambia wazi. Hata Julai na Agosti maji ya Bahari ya Kaskazini yanacheza kwenye nyuzi 13 hadi 15, mama aliyezoea maji ya nyuzi 27 atachovya kidole tu arudi zake mchangani, na siku nyingine jua linawaka kilomita chache bara huku mji wenyewe umefunikwa na ukungu mzito unaotoka baharini na mpaka saa nane mchana haujaondoka. Kwa hiyo sweta na koti la upepo hata kama ni Julai.

Ila mpeleke. Mpeleke bandarini, sio ufukweni. Pale katikati kuna daraja la mwaka 1908 ambalo linajizungusha kupisha vyombo, na linafunguka zaidi nyakati za maji kujaa, sasa mkae upande wa mji wa zamani karibu na daraja, kengele ikilia geti zinafungwa, watu wanajazana pande zote mbili na mizigo yao, wenye haraka wananung'unika, na boti inapita taratibu kabisa katikati yao. Mama wa Likoni aliyezoea kusubiri feri hapo hahitaji maelezo.

Ngazi ni 199 kamili, watoto wanazihesabu kwa sauti na kila mmoja anafika juu na hesabu yake. Sio za kuogopesha kwa mtu mzima wa afya manake zina sehemu pana za kupumzikia na mabenchi ya mbao, na baadhi ya yale mabenchi hayakuwekwa kwa ajili ya walio hai, yaliwekwa ili wabeba jeneza waliokuwa wanapandisha maiti kwenda makaburini juu watue mzigo wavute pumzi. Kwa magoti ya mama achana nazo, nendeni kwa gari mpaka juu, kuna parkingi karibu na abasia, kisha anatembea sehemu tambarare.

Ukifika juu watu wengi wanakimbilia magofu, mimi nakuomba uanze na kanisa la Mtakatifu Maria lililo pale pale mwisho wa ngazi. Kwa nje ni kanisa fupi la mawe, limeanza kujengwa kama mwaka 1110, halina la kukushtua. Ingia ndani. Mafundi waliotengeneza meli za Whitby ndo hao hao waliotengeneza humu, kwa hiyo unakuta roshani za mbao juu, ngazi nyembamba, vyumba vidogo vya kukalia vyenye milango yake, kila familia na chumba chake, yaani ni kama umeingia tumboni mwa meli. Kuna vyumba vimeandikwa kwamba ni kwa wageni tu. Mkalisheni mama humo! Mabaharia waliokuwa wanapita bandarini Jumapili walikaa hapo, na mimi kila nikikaa kwenye zile mbao nawaza ni wangapi walisali pale asubuhi halafu wakatoka na upepo wasirudi tena.

Abasia yenyewe ilianzishwa mwaka 657 na mfalme Oswiu wa Northumbria, na aliyepewa kuiongoza alikuwa mwanamke, Hild, akiwa juu ya watawa wanaume na wanawake pamoja, wafalme walikuwa wanakwenda kumuomba ushauri. Mwaka 664 wakuu wa kanisa walikutana hapo kwake kumaliza ugomvi wa tarehe ya Pasaka, waliofuata desturi ya Roma wakashinda waliofuata ya watawa wa Ireland na wa Iona, kisiwa cha Scotland. Na mama kama anapenda mashairi mwambie habari za Cædmon, mchunga ng'ombe wa abasia hiyo. Kwenye karamu walikuwa wanazungusha kinubi kila mtu aimbe, na yeye kinubi kikikaribia anainuka anaondoka maana hajui kuimba. Usiku mmoja akaenda zake kulala na ng'ombe, akaota mtu anamwambia imba, akasema sijui kuimba ndo maana nimetoka, akaambiwa imba tu, imba jinsi vitu vyote vilivyoumbwa. Kulivyokucha beti anazo kichwani, akapelekwa kwa Hild, Hild akamsikiliza na akamwacha aendelee na kazi hiyo moja mpaka mwisho wa maisha yake. Mistari 9 ya wimbo ule bado ipo na ndo mshairi wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina. Msalaba wa kumkumbuka uko hapo hapo uani kwa kanisa.

*Mambo vipi, mimi ni mwanafunzi York nimetokea Mwanza, bajeti yangu ni ya wali maharage. Kuna treni ya moja kwa moja? Na siku moja inatosha? — Msukuma wa York*

Poa mdogo wangu. Treni ya moja kwa moja kutoka York haipo, reli ya kupitia Malton ilifungwa mwaka 1965, mwaka ambao walifunga pia ile ya pwani kutoka Scarborough, na watu wa Whitby mpaka leo hawajasamehe. Iliyobaki ni moja tu inayotoka Middlesbrough kupitia bonde la Esk, kama saa moja na nusu, inapita vijiji na madaraja madogo, nzuri sana lakini treni ni chache kwa siku kwa hiyo usiende kichwakichwa, angalia ratiba ya kurudi kwanza kabla hujaangalia ya kwenda.

Kwa mfuko wako panda basi, namba 840, linatoka Leeds linapita York, Malton, Pickering halafu linakata juu ya nyika ya North York Moors. Zaidi ya saa 2 kutoka York, kaa ghorofa ya juu mbele kabisa. Mwezi wa nane ile nyika inakuwa zambarau yote kwa maua, kondoo wanalala barabarani, na ukianza kuteremka ghafla bahari ile pale na magofu juu yake. Sio kila basi la njia hiyo linafika Whitby, mengine yanaishia njiani, uliza dereva. Kuna pia treni ya makaa inayokokotwa na injini ya mvuke kutoka Pickering mpaka Whitby, inaendeshwa zaidi na watu wa kujitolea, ila tiketi yake itakula wali na maharage vyote, iache mpaka upate kazi.

Siku moja inatosha kuona, haitoshi kukaa. Kama unaweza kulala usiku mmoja nje ya msimu, tuseme Machi au Novemba katikati ya wiki, vyumba vinashuka bei na jioni watalii wakishaondoka mji unabaki na wenyewe. Msimu wa kiangazi kulala ni ghali, na hili ni donda kwa wenyeji, manake nyumba nyingi za mji wa zamani zimenunuliwa na watu wa mbali na kugeuzwa za kupangisha wageni, mpaka Juni 2022 wakapiga kura mjini wakitaka nyumba mpya zisiuzwe kwa watu wasiokaa hapo, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga walisema ndiyo. Kura ile haikuwa na nguvu ya sheria lakini ujumbe ulifika. Mtoto wa mvuvi leo anapata shida kupanga nyumba kwenye kichochoro alichozaliwa babu yake, na hilo linaniuma kila nikiona vile visanduku vya namba za siri vya kuwekea funguo za wageni pembeni ya milango.

*Asalam aleikum. Sisi ni mume na mke, watu wa Unguja tunakaa Leicester, tuna watoto wawili. Samaki na chipsi za Whitby zimesifiwa sana, tule tu au kuna la kuangalia? Na mume wangu anauliza ile abasia imebomolewa na nani. — Mama Wawili*

Waaleikum salaam ndugu zangu. La kuangalia lipo na ni kubwa. Yorkshire kwa desturi samaki na chipsi hawakaangi kwa mafuta ya mbegu, wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, ndo ladha wanayojivunia, na huyo ng'ombe hujui kachinjwa vipi. Kwa hiyo kusema tunakula samaki tu hakutoshi. Pili, ule unga wa kuvingirishia samaki sehemu nyingine unakorogwa na bia. Maduka yanayotumia mafuta ya mimea yapo na mengi yanaandika mlangoni, uliza maswali mawili tu kabla ya kutoa oda, mafuta gani na unga una bia, hawakasiriki, wameshazoea kuulizwa na wasiokula nyama. Ukipata, agiza haddock, watu wa huku wanampendelea kuliko cod, nyama yake tamu zaidi.

Na kuna kitu ambacho hakina shaka hiyo, samaki wa moshi. Ni heringi anapasuliwa kupitia mgongoni akafunguka wote, anawekwa kwenye maji ya chumvi, halafu anatundikwa juu ya moto wa moshi wa mbao. Kibanda cha Fortune's mtaa wa Henrietta, chini ya zile ngazi, kinafanya kazi hiyo tangu 1872, kuta za ndani zimekuwa nyeusi tii na zinang'aa kwa lami ya moshi wa miaka yote hiyo. Nunua, peleka nyumbani, mpike na nazi. Mimi nampika na nazi na bamia.

Shakwe wa Whitby ni majambazi, nasema kwa sababu ya watoto. Wanakaa juu ya mapaa wanaangalia nani kafungua boksi, wanashuka kwa nyuma, mtoto anabaki na kijiti mkononi analia. Kaeni mgongo ukutani mkila.

Swala, msitegemee msikiti mjini, msikiti utaupata Middlesbrough, bebeni mkeka, juu kule karibu na abasia kuna nafasi tele ya nyasi. Kumbukeni Juni jua linazama kama saa 3:40 usiku na Desemba ni saa 9:40 alasiri, msipange kwa mazoea ya Unguja.

Abasia mwambie mume imebomolewa na wengi. Ya kwanza ya Hild iliharibiwa na Wadenmark karne ya 9. Hayo magofu ya leo ni ya jengo la baadaye, sehemu kubwa ni karne ya 13, na mwaka 1539 mfalme Henry VIII aliifunga pamoja na abasia zote za nchi akachukua mali, paa likaondolewa, upepo na mvua vikafanya kazi iliyobaki mpaka mnara wa kati ukaanguka mwaka 1830. Halafu asubuhi ya tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Wajerumani zikaja zikapiga mizinga Scarborough, Hartlepool na Whitby, na ukuta wa magharibi wa abasia ukapata. Sasa mume kama ni mtu wa historia ya Unguja atakumbuka, miezi 3 tu kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 1914, manowari nyingine ya Wajerumani, Königsberg, iliingia alfajiri pale mbele ya mji wa Zanzibar ikaizamisha ya Waingereza iitwayo Pegasus ikiwa imetia nanga kwa matengenezo, na mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Vita ni ile ile moja, ilibisha hodi kwenye milango ya watu wa bahari wa pande zote mbili.

*Mimi ni mvuvi wa Shimoni, huko sitakuja, lakini kijana wangu ananisomea gazeti lenu kwenye simu. Hao watu bado wanavua au wanaishi kwa watalii tu? Na nimesikia ndo kwao yule Kapteni Cook.*

Kaka yangu, barua yako ndo imenifanya niombe kurasa zaidi kwa mhariri.

Bado wanavua, ila wamepungua sana. Zamani mji uliishi kwa heringi, msimu ukifika boti zinajaa bandarini mpaka unavuka mto kwa miguu juu yake, na wanawake kutoka Scotland wanafuata samaki bandari kwa bandari wakimpasua na kumtia chumvi. Wakavua kupita kiasi, na mwaka 1977 uvuvi wa heringi Bahari ya Kaskazini ukabidi ufungwe kabisa kwa miaka kadhaa. Leo kazi kubwa ni kaa na kamba koche, kwa madema, ila madema yao ni fremu ya chuma iliyovishwa wavu, yanashushwa mengi kwenye kamba moja ndefu. Utayaona yamepangwa gatini, yananuka chambo cha jana.

Na wamepata pigo. Kuanzia Oktoba 2021 kaa na kamba koche walianza kufa kwa wingi, wakawa wanatupwa ufukweni malundo kwa malundo kuanzia mdomo wa mto Tees mpaka Whitby, wengine bado hai wanatetemeka miguu. Serikali kwanza ikasema ni mwani wenye sumu, wavuvi wakasema ni uchimbaji wa tope la viwandani kule Tees, jopo la wataalamu Januari 2023 likasema huenda ni ugonjwa mpya lakini nalo halikuukuta ugonjwa wenyewe. Wavuvi waliuza boti. Wewe unajua maana ya mtu kuuza chombo chake.

Cook ndio, ila hakuzaliwa hapo, alizaliwa 1728 Marton, bara kidogo. Alikuja Whitby mwaka 1746 kijana wa miaka 18 kujifunza ubaharia kwa John Walker, mwenye meli za kubeba makaa ya mawe kutoka mto Tyne kwenda London. Alilala darini kwenye nyumba ya Walker kichochoro cha Grape Lane pamoja na vijana wenzake, nyumba ipo mpaka leo ni makumbusho, ukipanda kule juu unainama kichwa. Na hii sasa ni ya kwako wewe mtu wa chombo: meli alizozungukia dunia, Endeavour, Resolution, Adventure na Discovery, zote nne zimeundwa Whitby. Kwa nini? Meli za makaa zilikuwa na tumbo pana na chini tambarare ili maji yakipwa zikae mchangani bila kulala ubavu, zishushe mzigo, yakijaa ziondoke, kama majahazi ya kwetu yanavyopwelewa forodhani. Mwaka 1770 Endeavour ilipopasuliwa na matumbawe pwani ya Australia, Cook aliweza kuipandisha ufukweni kuiziba kwa sababu ya tumbo hilo hilo, meli ya chini kali ingelala. Heshima kubwa naiweka kwa mafundi. Kuhusu Cook mwenyewe, wenyeji wa Australia na visiwa vya Pasifiki wana hesabu yao naye, manake nyuma yake walikuja wa kuwanyang'anya ardhi, na yeye mwenyewe aliuawa Hawaii 1779 akijaribu kumchukua chifu wao mateka. Makumbusho yoyote ya habari zake ingia na hilo kichwani.

Walivua pia nyangumi, kuanzia 1753 mpaka miaka ya 1830, wakienda mpaka Greenland, mafuta yake yakiwasha taa za mitaani. Kuna upinde wa mifupa miwili ya taya la nyangumi upande wa magharibi, watu wanapanga foleni kupiga picha wakiwa chini yake, hiyo mifupa ya sasa ililetwa kutoka Alaska mwaka 2003 baada ya ya zamani kuoza.

Ila nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kukuhadithia basi ni mashua ya uokoaji. Tarehe 9 Februari 1861 kulikuwa na dhoruba, meli zinatupwa pwani moja baada ya nyingine, na watu 13 wa mashua ile wakatoka, wakaokoa, wakarudi, wakatoka tena. Safari ya tano wamechoka hawajiwezi. Ikaonekana meli nyingine, wakatoka mara ya sita, mawimbi mawili yakagongana chini yao mashua ikapinduka, mbele ya macho ya mji mzima uliosimama gatini. Wakafa 12. Aliyepona ni mmoja, Henry Freeman, na ndiye peke yake aliyekuwa amevaa lile jaketi jipya la kuelea la vipande vya koki, lile gamba jepesi la mti linaloelea, wenzake walivaa ya zamani. Freeman aliendelea na uokoaji miaka mingi baada ya hapo. Nakuomba uwahadithie vijana wako hii, wale wanaoacha maboya nyumbani wakisema wanajua kuogelea.

Kisha Oktoba 1914 meli ya hospitali, Rohilla, ikapanda mwamba karibu kabisa na Whitby, watu zaidi ya 220 ndani, ikavunjika vipande huku ufukweni watu wanaisikia mayowe, uokoaji ukachukua siku 3, karibu watu 85 wakapotea. Rohilla ilikuwa mali ya British India, kampuni ile ile ambayo meli zake wazee wa Mombasa na Zanzibar wanazikumbuka, Karanja na Kampala, zilizokuwa zikija na kurudi Bombay. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Whitby.

*Sasa! Sisi ni machali wanne Newcastle tunataka kufanya wokingi kwa mchanga kutoka Whitby hadi Sandsend, iko sawa ama? — Vijana wa Eastlands*

Iko sawa maji yakipwa. Maji yakijaa haiko sawa hata kidogo. Ni kilomita 4 na ushei, mchanga mzuri, lakini bahari ikirudi inagonga ukuta na jabali na katikati hapo huna pa kutokea. Mtu wa Mombasa amezoea bamvua la mita 3 na ushei, hapa ni karibu mita 5, na ukubwa huo ukitembea juu ya ufukwe uliolala kidogo tu unakuja kwa kasi mnayoona kwa macho. Pateni jedwali la maji, lipo kwenye simu na linabandikwa bandarini, mwanze safari maji yakiwa bado yanashuka, na kumbukeni saa zake zinasogea kama dakika 50 kila siku, msitumie za jana.

Upande wa pili, chini ya jabali la abasia kuelekea Saltwick, msiende kabisa bila mwenyeji. Kule mnafungiwa na maji mbele na jabali nyuma, na jabali lenyewe linameguka, Januari 2013 udongo uliporomoka kutoka makaburini kwa lile kanisa mpaka mifupa ya watu ikaanguka mtaani chini. Mkikwama pigeni 999 muombe Coastguard, walinzi wa pwani, msijaribu kupanda. Wanaokuja kuwatoa wengi wao ni watu wa kujitolea, wanaacha kazi zao kengele ya simu ikilia.

*Dada, nilipita Whitby nikakuta watu wamevaa nguo nyeusi na rangi nyeusi midomoni, ni madhehebu gani? Pia niliona vito vyeusi nikashindwa kununua, nitajuaje halisi? Na watoto walikuwa wanavua kaa kwa kamba, wangu wamenisumbua njia nzima. — Mama wa Reading*

Sio madhehebu wala uchawi, wanaitwa Goths, wapenzi wa aina fulani ya muziki na mavazi, tangu 1994 wana wikendi zao za kukutana hapo. Wamechagua Whitby kwa sababu Bram Stoker alikaa hapo mwaka 1890 akatumia mji huo kwenye riwaya yake ya Dracula, habari za mfu anayenyonya damu za watu. Ukiwaomba picha wanafurahi.

Kito cheusi kinaitwa jeti, ni mti wa zamani za kale uliogeuka jiwe chini ya tope la bahari, miaka kama milioni 180 hivi. Ulipendwa sana mume wa malkia Victoria alipokufa 1861, wanawake wakivaa maombolezo. Halisi ni jepesi mkononi kama plastiki na halina baridi, ukilishika linapata joto upesi, kioo cheusi ambacho ndo wanadanganyia ni kizito na cha baridi. Ukilikwaruza kwenye kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa linaacha mstari wa kahawia. Nunua kwa fundi anayechonga dukani mwake mwenyewe, atakuonesha bila kusita.

Kuvua kaa kwa kamba ni mchezo wa watoto wote wa Whitby, gharama zake ndogo, kamba, kijifuko cha wavu na ndoo vinauzwa pale pale bandarini. Chambo wanachouza mara nyingi ni nyama ya nguruwe ya chumvi (bacon), kama hutaki kuishika omba vichwa vya samaki kwa muuza samaki, kaa wanavipenda hivyo hivyo. Tieni maji ya bahari kwenye ndoo, kaa wasizidi wachache kwa wakati mmoja maana wanaumizana, na muwarudishe majini kabla ya kuondoka, taratibu, karibu na maji.